Wikiendi ya baridi ya wapendanao Québec City: ipange hivi, hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa. Mimi naishi Montréal, Kanada, mwaka wa tisa huu, na kila ikifika Novemba simu zinaanza, dada mimi na mwenzangu tunataka kutoka kidogo lakini na baridi hii tutaenda wapi, na jibu langu siku zote ni lile lile, nendeni Québec City, tena nendeni theluji ikiwa imejaa, msisubiri joto. Mimi na mume wangu tumeshaenda mara nne, na nimewapangia wenzetu wengi wa hapa, kuna waliotoka kufunga ndoa juzi na kuna wenye miaka 20 ndani ya ndoa, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajaribu.

Kitu kimoja kwanza. Kule nje mnakaa kwa vipande. Mnatoka dakika 40 mnaingia kwenye joto, mnakunywa kitu, mnatoka tena. Ukiipanga kama safari ya Zanzibar, kutwa kiguu na njia, mtanuniana kabla hata ya saa nane mchana, na hapo sio kwamba hampendani, ni baridi tu imewaingia mifupani.

Hatua ya 1: tarehe

Kuna vipindi vitatu. Cha kwanza mwisho wa Novemba mpaka karibu na Krismasi, wanaweka soko la Krismasi la Kijerumani, vibanda vya mbao na taa kila kona, pazuri ila watu ni wengi. Cha pili mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari, hapo kuna Carnaval, tamasha la baridi ambalo limekuwepo kwa sura hii tangu 1955, na Bonhomme, lile jitu jeupe la theluji lenye kofia nyekundu, na mashindano ya mitumbwi juu ya mto uliojaa barafu. Hoteli bei inapanda, na Valentine ikiangukia humo humo ndo kabisa.

Mimi napenda cha tatu, kati ya wiki ya pili na ya tatu ya Januari. Sikukuu zimeisha, Carnaval haijaanza, theluji ipo ya kutosha, mitaa kimya, na mahoteli yanatafuta watu. Mchana jotoridi linacheza kwenye 5 mpaka 12 chini ya sifuri, usiku 20 chini sio ajabu. Na jua mida ya saa 10 na nusu jioni limeshazama, ila hilo lisiwasumbue, giza la mapema ndo linaupendezesha ule mji.

Hatua ya 2: usafiri

Kutoka Montréal ni kama kilomita 250. Treni inatumia saa tatu na kidogo mpaka stesheni ya Gare du Palais, na mimi nawashauri treni, kwa sababu kwenye treni mnaongea, kwenye gari mmoja anaangalia barabara na mwingine anaangalia barabara. Mkiamua gari, kumbukeni jimbo zima la Québec ni sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi gari lililosajiliwa humo lazima liwe na matairi ya baridi. Na chochote mtakachokata kiwe tiketi ya kubadilishika, dhoruba ya theluji haina miadi na mtu.

Hatua ya 3: hoteli iwe ndani ya ukuta

Hapa naomba mnisikilize. Québec City ilianzishwa 1608, na mji wa kale bado una ukuta wake, kama kilomita 4.6, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1985. Ndani ya ukuta kila kitu ni cha kutembea kwa mguu. Mara yetu ya kwanza sisi tulifuata bei, tukachukua hoteli nje huko karibu na barabara kuu, chumba kikubwa kweli, lakini kila tukitaka kurudi kupumzika ni kusubiri basi kwenye upepo, na jioni ya Jumamosi tulisimama pale kituoni nikaona mume wangu kanyamaza na mimi nikanyamaza, hakuna aliyekosea chochote, baridi tu. Tangu siku hiyo nachukua kachumba kadogo kwenye nyumba ya zamani ndani ya ukuta, hata kama kitanda kinagusa dirisha. Ukiganda, dakika kumi uko ndani.

Le Château Frontenac, lile jengo kama kasri mnaloliona kwenye kila picha, ni hoteli tangu 1893. Kulala pale ni pesa ndefu, lakini kuingia kunywa chokoleti ya moto hakuna anayewakataza, na kiti cha dirishani kinaangalia mto wote wa Saint-Laurent. Kwenye bajeti msisahau, bei mnazoziona hazina kodi, ongeza karibu asilimia 15, hoteli inaongeza na ya kwake ya malazi, na mgahawani watu wanaacha bakshishi ya asilimia 15 au zaidi.

Hatua ya 4: nguo

Vaa tabaka tabaka. Ya kwanza ile nguo nyembamba ya joto inayobana mwili, juu yake sweta ya sufu, halafu jaketi lisilopitisha upepo. Pamba acha nyumbani, ikishika jasho inakaa mbichi na baridi inaingia hapo hapo. Soksi za sufu, buti kubwa kidogo ili vidole vipate hewa, na nunueni vile vyuma vya kwenye mpira vya kuvalisha chini ya buti, kwa sababu mitaa ile ni milima na barafu inateleza kama sabuni. Simu iwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, nje betri inakufa ghafla.

Hatua ya 5: Ijumaa usiku

Msipange kitu kikubwa. Wekeni mizigo, kuleni, halafu shukeni mji wa chini, mtaa wa Petit-Champlain. Kuna kile kilifti cha mteremko kipo tangu 1879, au kama kuna nguvu zile ngazi wanaziita Casse-Cou, yaani vunja shingo, mshikane mikono. Chini kule mtaa ni mwembamba, nyumba za mawe, taa zimening'inia juu ya theluji, mkivuka kidogo mnatokea Place Royale ambapo Mfaransa Samuel de Champlain aliuanzishia mji. Usiku hakuna mtu, mnasikia buti zenu tu. Nusu saa inatosha, rudini mlale.

Hatua ya 6: Jumamosi

Asubuhi nendeni Terrasse Dufferin mbele ya Château, kuna mteremko wa barafu tangu 1884. Mnakodi toboggan, ubao mrefu uliokunjwa mbele, mnauburuta wenyewe kwa kamba mpaka juu, na hapo ndo penyewe, yule wa nyuma anamshika wa mbele kiunoni, mhudumu anaachia, na mnashuka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 70 kwa saa. Nimeona mwanamke aliyekataa kata kata akashuka, halafu yeye ndo akamvuta mumewe kwenda foleni tena.

Mkishuka tafuteni tire, sirapu ya mti wa maple imechemshwa ikawa nzito, wanaimwaga ya moto juu ya theluji safi, mnasubiri kidogo, mnaizungusha kwenye kijiti. Nje imeganda inavutika, katikati bado ina uvuguvugu. Kijiti kimoja, watu wawili.

Chakula: wale wasiokula nguruwe muwe makini, tourtière, pai yao ya nyama, mara nyingi ina nguruwe, supu yao ya njegere pia, na mchuzi wa poutine, zile chipsi za jibini, ulizeni umetengenezwa na nini. Kifaransa kidogo kinasaidia sana, ndugu zetu kutoka Burundi na Kongo hapa hamna shida kabisa, sisi wengine tuanze na bonjour.

Mchana laleni. Nasema kweli, saa mbili za kulala ndani wakati nje theluji inaanguka ni sehemu ya safari.

Kwenye saa 10 jioni shukeni mpande pantoni ya kwenda Lévis, ng'ambo ya mto, dakika kama 12 tu, kama mtu anavuka Kigamboni. Ila hapa maji yamejaa mapande ya barafu, meli inapoyapita yanasugua ubavu wa chuma, mlio kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Kwenda kaeni ndani. Kurudi tokeni nje hata dakika tano, maana mji unakuja mbele yenu na taa zake zote zimewaka juu ya jabali.

Hatua ya 7: Jumapili

Chai ya taratibu, halafu chukueni teksi mpaka maporomoko ya Montmorency, sio mbali. Yana mita 83, yanaizidi Niagara kwa urefu, na kipindi cha baridi ule mvuke unaganda chini ukawa kilima cheupe, wenyewe wanakiita mkate wa sukari. Saa moja inatosha, upepo wake una meno. Mizigo waachieni mapokezi hotelini mkitoka asubuhi, mkirudi mnaichukua na kwenda stesheni.

Treni chukueni ya jioni, na watoto, mwambieni shangazi yao walale kwake usiku huo pia, mtawafuata Jumatatu.