Majeruhi, chipukizi na mabadilishano: jinsi ya kuijadili timu yako ya besiboli Julai inapokaribia

Nilianza kuifuata Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, tarehe 26 Aprili 2017. Usiku ule Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Aliposhika gongo kwa mara ya kwanza, aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) wa Chicago Cubs, ukapita katikati, akafika besi ya kwanza. Tangu hapo sijaiacha timu hiyo, na kila mwaka ifikapo Juni naingia kwenye ubishi uleule na mashabiki wenzangu: nani ameumia, nani apandishwe kutoka ligi ndogo, nani auzwe.

Ubishi huo una raha yake, ila mwingi hauna miguu. Mtu anasema "tumlete mrushaji wa maana" bila kujua majeruhi wetu wanarudi lini, wala huyo mrushaji mkataba wake unaisha mwaka gani. Mimi natumia daftari lenye safu tatu tu: majeruhi, chipukizi, mikataba. Na katika kila safu ninachoandika ni tarehe. Ukishazijua tarehe, nusu ya ubishi umeumaliza.

Anza na majeruhi. Timu inaruhusiwa wachezaji 26 katika kikosi cha kila siku, na wengine hadi kufikia 40 katika orodha pana. Mchezaji wa kawaida akiumia kidogo huwekwa kwenye orodha ya siku 10. Mrushaji huwekwa siku 15. Namba hizo ni kiwango cha chini tu, si ahadi ya kurudi. Nimeona watu wakihesabu siku 15 vidoleni halafu wanaulaumu uongozi siku ya 16. Inayokupa habari zaidi ni orodha ya siku 60. Mchezaji akihamishiwa huko, nafasi yake katika wale 40 inakuwa wazi, kwa hiyo timu inayohitaji nafasi humpeleka mtu ambaye imeshakubali kwamba hatarudi karibuni. Ukiona jina limehamia huko, lifute kwenye hesabu zako za mwezi huu na ujao.

Halafu sikiliza kiungo kinachotajwa. Misuli ya ubavu au ya nyuma ya paja huwa ni suala la wiki kadhaa, ingawa ikirudia inaweza kula msimu. Neno linalonitia hofu ni kigasha, ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja. Mrushaji akiripotiwa kwamba kigasha kimekaza, usiandike "wiki mbili" haraka, kwa maana mara nyingi maumivu ya hapo ndiyo dalili ya mwanzo ya kano ya kiwiko kuharibika. Kano hiyo ikichanika, mtu anafanyiwa ule upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa Dodgers ambaye daktari Frank Jobe alimpasua mwaka 1974. Jobe alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili akaipandikiza kwenye kiwiko. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na akaendelea kurusha hadi 1989. Leo kurudi huchukua miezi 12 hadi 18, na hata mtu akisharudi, jicho lako lisitazame kasi ya mpira peke yake. Kulenga ndiko kunakochelewa.

Kwetu tuliliona hilo kwa mrushaji wetu Jared Jones. Kijana alikuwa na msimu mzuri wa kwanza 2024. Mwanzoni mwa 2025 kiwiko kikamsumbua, akapumzishwa, tukaambiwa tungoje. Mwezi wa Mei akapasuliwa. Wale waliokuwa wamemweka kwenye hesabu za Juni walilazimika kuanza upya. Ninachokushauri: mrushaji akiwa anapumzishwa kiwiko, mhesabu kama hayupo hadi utakaposikia ameanza kucheza mechi za majaribio katika ligi ndogo. Hapo ndipo kalenda inapokuwa ya kweli, kwa sababu mechi hizo zina kikomo: mrushaji siku 30, wengine siku 20, kisha timu lazima iamue.

Chipukizi nao wana kalenda yao, na hapa ndipo subira inapohitajika kuliko popote. Ngoepe alisaini na Pirates mwaka 2008, akafika juu 2017. Karibu miaka tisa! Mikono yake ya kudaka haikuwahi kutiliwa shaka. Gongo ndilo lililomchelewesha. Upande wa pili yupo Paul Skenes, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa Julai 2023, timu zilipogawana vijana wapya, akarusha mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu tarehe 11 Mei 2024, akawa mchezaji mpya bora wa mwaka huo katika Ligi ya Taifa (moja ya nusu mbili za Ligi Kuu), na 2025 akachukua tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora. Usimpime chipukizi yeyote kwa Skenes. Nasema hivi kwa uchungu, maana kila kijana wetu anayepanda sasa anadaiwa awe Skenes ndani ya wiki tatu.

Ukitaka kumpima chipukizi vizuri, tazama umri wake dhidi ya ngazi anayocheza. Kijana wa miaka 19 anayejikongoja Double-A, ngazi ya pili kutoka juu katika ligi ndogo, ananivutia zaidi kuliko wa miaka 25 anayetamba mahali hapohapo. Double-A ndiyo ngazi ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa huko warushaji wana mipira ya kupinda ya kweli na mpigaji wa kubahatisha hujulikana. Wapelelezi wa vipaji hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo ya kawaida ya Ligi Kuu. Ukisikia kijana ana 50, usibeze. Mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu ni mtu adimu.

Sasa mabadilishano, yaani timu kupeana wachezaji. Siku ya mwisho huangukia mwishoni mwa Julai au siku za mwanzo kabisa za Agosti, na baada ya hapo hakuna kubadilishana wachezaji wa Ligi Kuu hadi msimu uishe. Hii ndiyo safu ya daftari ninayoitumia muda mwingi, na niliijifunza kwa mwaka mmoja, 2018.

Januari ile Pirates walimpeleka mrushaji Gerrit Cole Houston, na siku mbili baadaye wakampeleka Andrew McCutchen San Francisco. McCutchen alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 2013, uso wa timu nzima. Niliumia. Katika waliokuja kwa ajili yake kulikuwa na kijana ambaye sikuwahi kumsikia, Bryan Reynolds. Miezi sita baadaye, mwezi wa Julai, timu ikashinda mechi 11 mfululizo, na tarehe 31 ikamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Tulimtoa Tyler Glasnow, tukamtoa Austin Meadows, na "mchezaji atakayetajwa baadaye".

Unaona nilivyokosea mara zote mbili. Reynolds akawa nguzo ya timu, akachaguliwa kikosi cha nyota, mwaka 2023 akasaini mkataba wa dola milioni 106.75. Archer alianza mechi 33 tu akiwa nasi, akashinda 6 na kupoteza 12, kisha msimu wote wa 2020 ukampita baada ya upasuaji. Glasnow akageuka mrushaji wa kuogopwa. Meadows akawa nyota 2019. Na yule aliyetajwa baadaye? Shane Baz, tuliyemchagua wa 12 mwaka 2017. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi siku ile nilikuwa nikiutazama msala tu.

Kwa hiyo kabla ya kupendekeza mabadilishano, fanya haya. Kwanza hesabu miaka ya udhibiti, yaani miaka ambayo mchezaji bado ni mali ya timu. Mchezaji anahitaji miaka 6 ya utumishi Ligi Kuu ndipo awe huru, na siku 172 za msimu ndizo zinazohesabiwa kuwa mwaka mmoja. Miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ile inayofuata mshahara huamuliwa kwa usuluhishi. Mrushaji aliyebakiza miezi miwili ya mkataba ana bei yake, aliyebakiza miaka minne ana bei nyingine kabisa. Ukiwalinganisha kwa takwimu za uwanjani peke yake, utaambiwa hujui unachosema, na kweli hujui.

Pili, kaa upande wa pili wa meza. Rafiki yangu mmoja ni shabiki wa Cubs, na tuna desturi: kila nikipendekeza kitu, yeye anajibu kama meneja wa timu ninayotaka kununua kwake. Nikitoa wachezaji watatu nisiowataka ili nipate nyota mmoja, ananiuliza, "Wewe ungekubali?" Yeye mwenyewe anajua uchungu na utamu wake. Julai 2016 Cubs walimtoa Gleyber Torres, chipukizi wao wa kwanza, wakampata Aroldis Chapman kwa miezi michache tu. Mwaka huohuo wakachukua ubingwa ambao hawakuupata tangu 1908. Mpaka leo hajutii, nami simlaumu. Timu iliyo karibu na kombe ina haki ya kulipa ghali. Pirates wa 2018 hawakuwa karibu. Walimaliza wa nne katika kundi lao.

Tatu, soma hadi neno la mwisho la tangazo. "Mchezaji atakayetajwa baadaye" anaweza kuwa mtu wa kujaza nafasi, anaweza kuwa Baz.

Na usiyafunge mabadilishano siku yanapotangazwa. Fuata mnyororo wake. Cole alituletea Joe Musgrove. Musgrove alipopelekwa San Diego Januari 2021, mmoja wa waliokuja alikuwa David Bednar, akawa mrushaji wetu wa kufungia mechi. Bednar naye Julai 2025 akaenda Yankees, na katika vijana watatu tuliowapata yupo mdakaji, Rafael Flores. Mnyororo ulioanza Januari 2018 bado haujakatika, na mashabiki waliotoa hukumu asubuhi ya kwanza, mimi nikiwemo, tulihukumu pete moja tu ya mnyororo mrefu.

Ndiyo maana siku ya mwisho ya mabadilishano ikipita, naandika majina ya walioondoka na walioingia kwenye ukurasa mmoja, na juu yake tarehe ya miaka mitatu mbele. Ukurasa wa Bednar una tarehe 31 Julai 2028. Kabla ya hapo, mtu akiniuliza nani alishinda, namwonyesha tarehe hiyo tu, kisha tunarudi kwenye viwiko vya warushaji wetu.