Ada ya mtoto wa Iringa, kutoka Saint Paul

Akina mama wa usharika wetu hapa Saint Paul, Minnesota, tunasomesha watoto Iringa kupitia Bega kwa Bega, undugu wa Walutheri wa huku na Dayosisi ya Iringa.

Nanyi mkitaka kusomesha mtoto huko, anzeni kuchanga ada Septemba, maana Januari shule zinafunguliwa. Sisi tunauza maandazi baada ya ibada. Iliki itwangwe asubuhi ileile, harufu yenyewe inawaita watu. Hela zihesabiwe na mama wawili, wote wasaini daftari. Msimtumie mtu mkononi: zipitie dayosisi, nanyi mwombe risiti ya shule.

Na ulizeni kwanza kinachohitajika. Mwaka mmoja tulituma katoni ya viatu, vikafika muhula umeisha na miguu imeshakua. Siku hizi vinanunuliwa Iringa mjini, mtoto akivijaribu mwenyewe.