Kupokea na Kupitisha Ujumbe kwa Redio za Ridhaa: Mwongozo kwa Wanaojitolea Uganda

Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya udongo yalikifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika na kuleta maafa Kasese. Katika maeneo ya milima yenye barabara chache kama hayo, mnara mmoja wa simu ukikosa umeme au ukisombwa, gombolola nzima, yaani tarafa ndani ya wilaya, huweza kukaa kimya wakati ambapo watu wake wana mengi ya kusema. Kikundi cha waendesha redio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi wasiofanya hivyo kwa biashara, kikijipanga mapema kinaweza kulijaza pengo hilo kwa saa chache au siku kadhaa, mradi wanachama wake wajue kubeba maneno ya watu wengine bila kuyaharibu njiani. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya kubeba maneno, nayo ni tofauti kabisa na kupiga soga hewani.

Leseni kwanza. Nchini Uganda masafa husimamiwa na Tume ya Mawasiliano, yaani UCC, na ishara za mwito, yaani majina rasmi ya vituo vya ridhaa hewani, huanza na 5X. Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika Ibara ya 25, zinakataza kuficha maana ya yanayosemwa kati ya vituo vya ridhaa vya nchi mbalimbali, na zinaruhusu ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya mtu wa tatu katika hali ya dharura au ya misaada ya maafa tu. Kwa hiyo mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka anayetaka kutuma salamu za harusi hana njia hapa, na mwenye taarifa nyeti ya mgonjwa aambiwe mapema kwamba kila mwenye redio atamsikia.

Kuhusu mitambo sitakawia. Bendi ya 144 hadi 146 megahezi hufaa pale vituo vinapoonana, lakini huzibwa na mlima. Kwa umbali kama wa Bududa hadi Kampala, tumia bendi ya mita 40, yaani 7.0 hadi 7.2 megahezi, kwa antena ya waya yenye urefu wa takriban mita 20 iliyofungwa chini, mita 4 au 5 tu kutoka ardhini, ili mawimbi yapande karibu wima na kurudi nyuma ya milima. Usiku watu huhamia bendi ya mita 80, ambako radi za nchi zetu za tropiki hupiga kelele nyingi. Katika Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Uganda imo, masafa ya 3.760, 7.110 na 14.300 megahezi yanatambuliwa kuwa vitovu vya mawasiliano ya dharura. Yasikilize kabla ya kubonyeza kitufe.

Fomu ndiyo ujumbe

Ujumbe usioandikwa ni uvumi. Mtu akikujia mbio na habari, mkalishe, mwandikie fomu, msomee ulichoandika, kisha umwombe athibitishe kwa jina lake. Mfumo wa radiogramu uliozoeleka Marekani, ambao vikundi vingi duniani vimeuiga kwa namna moja au nyingine, una sehemu nne: utangulizi, anwani, maneno yenyewe na jina la mtumaji. Utangulizi hubeba namba ya ujumbe, kiwango cha uharaka, kituo cha asili, hesabu ya maneno, mahali ulikotoka, saa na tarehe.

Viwango vya uharaka ni vinne: dharura, yaani uhai wa mtu uko hatarini, kipaumbele, yaani jambo muhimu lenye muda wake, habari za hali ya ndugu, na kawaida. Mtumaji mwenye wasiwasi ataomba dharura kwa kila jambo, na hapo ndipo mpokeaji anapaswa kuwa mpole lakini imara, kwa sababu kikundi kinachopitisha kila kitu kama dharura hakina tena dharura.

Anwani za kwetu zinahitaji subira. Mitaa na namba za nyumba ni za mijini. Kijijini utaandika kijiji, muluka, gombolola, wilaya, jina la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na shule, kanisa au msikiti ulio karibu. Ongeza namba ya simu hata kama mtandao umekufa, kwa maana huenda unafanya kazi upande wa pili. Jihadhari na majina yanayofanana: Busia iko Uganda na iko Kenya, Kibale ni msitu wa hifadhi ilhali Kibaale ni wilaya, na hewani sikio halitofautishi. Majina ya namna hiyo yatamkwe, kisha yaandikishwe herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa: Kilo, India, Bravo, Alfa, Alfa, Lima, Echo.

Saa nazo zina mtego wake. Mtumaji akikuambia kwa Kiswahili "saa mbili asubuhi", ni 08:00 kwa saa ya Afrika Mashariki na 05:00 kwa saa ya dunia, UTC. Anayeandika "saa 2" peke yake amemwachia msomaji achague. Katika utangulizi tumieni UTC kwa tarakimu nne. Ndani ya maneno acheni saa kama mtumaji alivyoitaja, lakini mwombeni aongeze asubuhi, jioni au usiku. Kumbukeni pia kwamba saa saba usiku ya tarehe 12 ni 22:00 UTC ya tarehe 11, kwa hiyo kati ya usiku wa manane na saa tisa alfajiri tarehe ya fomu haitalingana na kalenda ya ukutani.

Maneno yenyewe ya ujumbe yasizidi 25 ikiwezekana. Kiswahili kinasaidia hapo, kwa kuwa neno moja hubeba mtenda, wakati na tendo, lakini kwa sababu hiyo hiyo silabi moja ikimezwa na kelele maana hugeuka. "Hatuhitaji maji" ikipoteza mwanzo wake inakaribia kuwa ombi la maji. Mshauri mtumaji aseme jambo kwa njia ya kuyakinisha: "maji yapo ya kutosha", na badala ya "daktari hajafika", "bado tunamsubiri daktari". Ushauri huu utolewe mtumaji akiwa bado amekaa mbele yako. Akishatia jina lake, maneno ni yake.

Hewani

Mtandao mzuri wa redio, yaani vituo vinavyosikilizana kwenye masafa mamoja, una kituo kimoja kinachosimamia, pamoja na msaidizi wa kushika zamu betri ya wa kwanza ikiisha. Vituo vingine huitika vikiitwa. Ukiwa na ujumbe, taja kiwango na uendako, si yaliyomo: "Msimamizi, hapa Bududa, ujumbe mmoja wa kipaumbele kwenda Mbale." Msimamizi atawaruhusu muupitishe hapo hapo au atawahamisha ninyi wawili kwenye masafa ya pembeni ili wengine waendelee. Majina ya mahali yatumike kwa wepesi, lakini kila kituo kitaje ishara yake halisi kama leseni inavyotaka. Kati ya kauli moja na nyingine acheni sekunde mbili au tatu. Huo ndio mlango wa mwenye dharura.

Hebu tuangalie ujumbe wa mazoezi, ambao huanza na kuishia na neno ZOEZI ili asiyejua asitaharuki, na ambamo herufi X hutumika badala ya nukta: "ZOEZI X DARAJA LIMEBEBWA NA MAJI X MAJERUHI 9 WAPO SHULENI X LETENI MACHELA 6 KWA NJIA YA JUU X ZOEZI". Kila X na kila namba huhesabiwa kama neno, kwa hiyo hesabu ni 21. Bududa anasoma kwa mwendo wa mkono unaoandika, maneno matano au sita, kisha anaachia kitufe asikilize kama kuna anayemkatiza. Mbale anaandika, anahesabu, anapata 20. Hapo hasemi "nimepokea". Anasema hesabu yake ni 20, na Bududa anamsomea herufi au tarakimu ya kwanza ya kila neno: Z, X, D, L, N, M, X, M, 9. Mbale anagundua kwamba tarakimu 9 ilimezwa na radi. Tazama kilichokuwa kimebaki kwenye karatasi yake: "majeruhi wapo shuleni", sentensi kamili, fasaha, isiyomtilia shaka msomaji yeyote. Hesabu ya maneno ndiyo iliyoifichua, na kwa maoni yangu kikundi kinachoona uvivu kuhesabu kingeacha kazi hii.

Tarakimu zinahitaji makubaliano ya mapema. Katika kelele, tatu na tano hufanana, nne na nane vilevile. Chagueni njia moja: ama mtaje tarakimu zote kwa Kiingereza, au mzitaje kwa Kiswahili mara mbili mbili, na kila mara mtangulize neno "tarakimu". Kibaya ni kuchanganya njia mbili katika ujumbe mmoja.

Anayepokea akikosa sehemu, asiombe ujumbe wote upya. Aseme "rudia neno baada ya majeruhi" au "rudia yote kati ya shuleni na njia". Hivyo huokoa betri na muda wa wote wanaosubiri. Neno "nimepokea" maana yake ni moja tu: ninao wote kwenye karatasi, hesabu imelingana, na kuanzia sasa jukumu ni langu.

Kupitisha kwa kituo cha tatu

Mara nyingi Kampala haitaisikia Bududa lakini itaisikia Mbale, na Mbale huwa kiungo. Kiungo hakibadilishi chochote. Namba ya ujumbe, kituo cha asili, saa na hesabu hubaki vilevile hadi mwisho wa safari. Kinachoongezwa ni maandishi ya pembeni tu, yasiyosomwa hewani, yanayoonyesha kauli ilitoka kwa nani, ilikwenda kwa nani na saa ngapi. Ukiona kosa la tahajia, lipitishe. Ukiona neno usilolielewa, liandikishe herufi kwa herufi, maana huenda ni jina la dawa. Ukiamini kwamba kuna kosa la hatari, uliza kituo cha asili kwa ujumbe mwingine wa huduma, yaani ujumbe wa kituo kwa kituo kuhusu ujumbe wenyewe, na usiguse wa kwanza.

Ujumbe wa hali ya ndugu hujazana haraka kuliko aina nyingine zote. Wamarekani wana orodha ya maneno yaliyopewa namba, ambapo ARL ONE husimama badala ya sentensi nzima ya kuwa kila mtu hapa yuko salama, tafadhali msihofu. Kikundi cha hapa kinaweza kuandaa orodha yake ya sentensi kumi kwa Kiswahili, Kiganda na Kigisu, mradi nakala ile ile iwe mezani kwa kila kituo. Habari ya kifo isipitishwe hewani kwa jina. Apewe afisa wa wilaya au Msalaba Mwekundu wa Uganda, wenye utaratibu wa kutafuta na kuarifu jamaa.

Kufikisha

Ujumbe uliofika kituoni ukalala mezani haujafika. Simu ikifanya kazi, piga na usome neno kwa neno, bila kufupisha wala kupamba. Isipofanya kazi, mpe bodaboda nakala iliyofungwa kwa mwenyekiti wa LC1, na umwombe arudi na saini. Usipige picha ya fomu na kuituma kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama habari yenyewe ni njema. Muulize mpokeaji kama ana jibu, na ulianzishie fomu mpya yenye namba yake.

Mpokeaji asipopatikana ndani ya muda mliokubaliana, rudisha ujumbe wa huduma kwa kituo cha asili ukitaja namba na sababu: amehama, kijiji hakijulikani, barabara imefungwa. Kila zamu inapokwisha, anayeondoka na anayeingia wapitie pamoja daftari na kuweka alama kwenye kila namba ambayo bado haina saini ya mpokeaji wala ujumbe wa kurudisha, na anayeingia aanze zamu yake na hizo.