Kukadiria idadi ya watu wa halmashauri hadi 2042: mwongozo wa kazi kwa maafisa mipango wa Dar es Salaam

Anza na hesabu hii. Mwaka 2002 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 2.49. Mwaka 2012 wakawa milioni 4.36, yaani ongezeko la asilimia 5.6 kwa mwaka. Afisa aliyechukua kiwango hicho na kukivuta mbele miaka kumi alipata watu milioni 7.6 kwa mwaka 2022. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta milioni 5.38. Amezidisha kwa zaidi ya watu milioni mbili.

Vuka mpaka uingie Mkoa wa Pwani. Huko ongezeko la 2002 hadi 2012 lilikuwa asilimia 2 na kidogo tu. Kati ya 2012 na 2022 likawa asilimia 6.1, na watu wakatoka milioni 1.1 hadi milioni 2.02. Mji ulikuwa umeshavuka mpaka, ukafuata Barabara ya Morogoro kwenda Kibaha na Barabara ya Kilwa kwenda Mkuranga. Ukiiweka mikoa hii miwili pamoja, ongezeko limeshuka kutoka karibu asilimia 4.8 kwa mwaka hadi asilimia 3. Kwa hiyo mambo mawili yalitokea kwa pamoja: mwendo ulipungua, na watu wakahamia pembezoni. Kiwango kimoja kilichokokotwa kutoka sensa mbili hakioni hata moja kati ya hayo. Ndiyo sababu makadirio hujengwa kwa kufuata uzazi, vifo na uhamaji, kila kimoja peke yake, kwa umri na kwa jinsi.

Weka msingi sawa kabla ya kugusa fomula

Msingi wako ni Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya Sensa, ambayo ilikuwa tarehe 23 Agosti. Makadirio kwa kawaida husomwa katikati ya mwaka, tarehe 1 Julai, kwa hiyo rudisha idadi nyuma siku 53. Kwa mkoa mzima, ukitumia ongezeko la asilimia 2.1, unatoa watu kama 16,000. Ni wachache, lakini usipofanya hivyo namba zako hazitalingana na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na utatumia kikao kizima kueleza tofauti hiyo.

Linalofuata ni mipaka, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Ukilinganisha Temeke ya 2012 na Temeke ya 2022 bila kurekebisha, utadhani watu wamehama kwa wingi, kumbe uliohama ni mstari wa ramani. Chukua kata za 2012, zipange ndani ya mipaka ya 2022, kisha jumlisha upya. Kata iliyogawanywa igawe kwa idadi ya watu wa mitaa yake. Usiigawe kwa eneo, kwa sababu nusu ya eneo inaweza kuwa bonde au shamba lisilo na nyumba hata moja.

Tenga pia makundi yasiyozeeka. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, Gereza la Ukonga, kambi za jeshi, shule za bweni: watu wa mahali hapo hubadilika, umri wao haubadiliki. Ukiwasogeza pamoja na wengine, baada ya miaka ishirini Ubungo itakuwa na kundi kubwa la watu wa miaka arobaini ambao hawapo. Watoe kwenye msingi, kadiria wengine, kisha warudishe kwa idadi na umri uleule, isipokuwa kama kuna mpango unaojulikana wa kupanua taasisi hiyo.

Umri wa kubahatisha

Mtu akiulizwa umri na hana uhakika, husema thelathini, arobaini, hamsini. Pima ukubwa wa tatizo kwa kipimo cha Whipple: jumlisha waliotaja umri wa 25, 30, 35 hadi 60, zidisha kwa 5, gawanya kwa watu wote wa miaka 23 hadi 62, kisha zidisha kwa 100. Jibu la 100 maana yake hakuna kurundikana. Chini ya 110 data ni nzuri. Kati ya 110 na 125 inafaa ikikusanywa katika makundi ya miaka mitano. Ikizidi 125 inahitaji kulainishwa kwanza. Fanya hesabu hii kwa wanawake na wanaume kando kando.

Kisha angalia watoto wa chini ya miaka mitano. Karibu kila sensa ya nchi zinazoendelea huwapunguza, hasa vichanga, kwa kuwa mjibuji husahau kumtaja mtoto mchanga au humpa umri mkubwa kuliko wake. Linganisha na idadi ya chanjo za kwanza kwenye vituo vya afya vya wilaya. Ukikuta chanjo nyingi kuliko watoto waliohesabiwa, usikimbilie kulaumu Sensa, maana wapo kina mama wanaotoka Kisarawe kuchanjia watoto wao Chanika.

Kuwasogeza watu miaka mitano

Njia yenyewe haina uchawi. Watu wa miaka 15–19 mwaka 2022 watakuwa 20–24 mwaka 2027, ukiwatoa waliokufa na kuongeza waliohamia wakizidi waliohama. Tuseme wilaya ina wanawake 38,000 wa miaka 15–19, na jedwali la maisha, yaani jedwali la uwezekano wa kufa au kubaki hai kwa kila umri, linaonyesha 992 kati ya kila 1,000 hubaki hai kwa miaka mitano. Wanabaki 37,696. Ongeza tofauti ya uhamaji, tuseme 4,000, na utapata wanawake 41,696 wa miaka 20–24 mwaka 2027.

Sasa watoto wao. Kama mwaka 2022 wanawake wa 20–24 walikuwa 40,000, wastani wa miaka hiyo mitano ni 40,848. Kiwango cha uzazi cha umri huo kikiwa watoto 180 kwa mwaka kwa kila wanawake 1,000, zidisha: 40,848 × 0.18 × 5 = watoto 36,763. Rudia kwa makundi yote saba, kuanzia 15–19 hadi 45–49, kisha jumlisha. Jumla hiyo igawe kwa jinsi. Afrika chini ya Sahara huzaliwa wavulana kama 103 kwa kila wasichana 100, kwa hiyo usinakili 105 ya vitabu vya Ulaya. Mwisho zidisha kwa uwiano wa watakaokuwa hai mwisho wa kipindi, na hao ndio kundi la 0–4 la mwaka 2027.

Viwango vya uzazi vitoke kwenye tafiti za afya ya uzazi na mtoto. Kitaifa mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 5.4 katika utafiti wa 2010, 5.2 mwaka 2015–16 na 4.8 mwaka 2022. Kiwango kinashuka, ila polepole, na mijini kiko chini sana kuliko vijijini. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuipa Kinondoni kiwango cha taifa. La pili ni kukishusha hadi watoto wawili ifikapo 2035 kwa sababu sera inatamani hivyo. Kasi ya kushuka itokane na yaliyoonekana katika tafiti tatu zilizopita, na kama una sababu ya kutarajia kasi zaidi, iandike waziwazi.

Lipo jambo moja ambalo waheshimiwa madiwani huuliza kila mara: uzazi ukishuka, mbona watoto hawapungui? Kwa sababu wanawake wanaoingia umri wa kuzaa ni wengi kuliko mama zao walivyokuwa. Kila mmoja anazaa wachache, lakini wao wenyewe wameongezeka. Msukumo huo hudumu miongo kadhaa, na jedwali la umri ndilo linalouonyesha.

Kwa vifo, tumia jedwali la maisha la mkoa kama lipo, la sivyo la taifa. Kwa makadirio ya miaka ishirini, kosa dogo la vifo halitakuharibia kazi kama kosa la uhamaji.

Uhamaji, mahali ambapo makadirio ya Dar huvunjika

Kwanza kadiria uhamaji uliopita. Chukua watu wa 2012 kwa umri, wasogeze miaka kumi kwa vifo pekee, kisha linganisha na waliokutwa 2022. Waliozidi walihamia, waliopungua walihama. Ndani ya tofauti hiyo kuna pia makosa ya kuhesabu, kwa hiyo ilinganishe na majibu ya swali la Sensa kuhusu mahali mtu alipozaliwa. Utaona mlima kwenye umri wa 15–29, na kwa wanawake mlima huo huanza mapema zaidi, kwa wasichana wanaokuja kufanya kazi za ndani na biashara ndogo. Kwenye umri wa miaka 30 na kuendelea, kata za katikati ya mji huonyesha watu wanaotoka: familia imepata kiwanja, imejenga, imehama nyumba ya kupanga.

Kisha amua ya mbele. Usichukulie kwamba idadi ya wahamiaji itakua milele kwa asilimia ileile. Njia salama ni kuishika idadi yenyewe, si asilimia, kwa miaka mitano ya kwanza, kisha kuipunguza au kuihamishia pembezoni kadiri viwanja vinavyojaa. Usafiri hubadilisha hesabu hii kuliko kitu kingine. Mwaka 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kigamboni, na mwaka huohuo mwendokasi ukaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Mradi wa barabara wenye mkataba uliosainiwa ingiza kwenye makadirio yako. Ambao bado ni ahadi uweke kwenye makadirio ya juu peke yake.

Kushuka hadi kata

Usifanye hesabu ya makundi ya umri kwa kata moja moja, kwa sababu namba ni ndogo na uhamaji wake hautabiriki. Kadiria wilaya kwanza, kisha gawa ongezeko kwa kata kwa kuangalia sehemu ambayo kila moja ilichukua katika ongezeko la 2012 hadi 2022, ukiweka dari. Kata ya kilomita za mraba 10 ni hekta 1,000. Kama hekta 600 zinajengeka na makazi yasiyopangwa ya aina hiyo hubeba watu 200 kwa hekta, dari yake ni 120,000. Ikifika hapo, ongezeko lake lipeleke kata jirani.

Kuna dalili nzuri ambayo haigharimu chochote: mapagale. Omba wenyeviti wa mitaa wahesabu nyumba zilizoanza kujengwa bado hazijahamiwa. Chamazi, Kivule, Goba au Mabwepande, pagale la leo ni kaya ndani ya miaka michache. Picha za satelaiti za mapaa na maunganisho mapya ya umeme ya Luku husaidia kuhakiki. Mwisho hakikisha jumla ya kata inalingana na wilaya, na wilaya na mkoa.

Kwa Kariakoo na Kivukoni, andika pia idadi ya mchana. Sensa inahesabu waliolala, lakini vyoo, taka na maji hutumiwa na waliofika asubuhi.

Kutoka watu hadi mahitaji

Shule zinahitaji umri wa mwaka mmoja mmoja. Kugawa kundi la 5–9 kwa tano ni makosa, kwa sababu wadogo kwa kawaida ni wengi kuliko wakubwa. Tumia vizidishi vya Sprague, yaani namba maalumu za kugawa kundi la miaka mitano katika umri wa mwaka mmoja mmoja, vilivyo tayari katika majedwali mengi ya Excel ya kazi hii. Kisha gawa kwa wanafunzi 45 kwa darasa, na utoe madarasa yaliyopo yanayotumika kweli.

Maji: watu 200,000 kwa lita 70 kila mmoja kwa siku ni lita milioni 14. Upotevu ukiwa asilimia 35, gawanya kwa 0.65, na chanzo kitoe lita milioni 21.5. Wengi huzidisha kwa 1.35 na kupata milioni 18.9, kisha mabomba yanakauka kabla ya mwaka uliopangwa.

Kwa maunganisho ya maji na ukusanyaji wa taka, hesabu kaya. Kata yenye watu 60,000 na wastani wa watu 4 kwa kaya ina kaya 15,000. Watu wakifika 70,000 na wastani ukashuka hadi 3.5, kaya ni 20,000. Watu wameongezeka asilimia 17, kaya asilimia 33.

Jipime kabla ya kuchapisha

Anza na data ya 2012, kadiria 2022 kwa njia yako yote, kisha linganisha na Sensa kwa umri na kwa kata. Kata zenye tofauti kubwa ndizo utakazozitembelea. Programu ya makadirio ya DemProj, iliyo ndani ya mkusanyiko wa programu uitwao Spectrum, hupatikana bure na itafanya hesabu za wilaya kwa dakika chache, ila fanya kipindi kimoja kwa mkono kwanza ili ujue namba inatoka wapi.

Toa makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kando ya kila moja andika uzazi, vifo na uhamaji uliotumia. Jumla za mkoa na wilaya zilinganishe na makadirio rasmi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mkitofautiana, waandikie mkaelewane kabla namba hazijaingia kwenye bajeti. Shule na zahanati zipangwe kwa makadirio ya kati. Mabomba makuu, mifereji ya mvua na hifadhi ya barabara yapangwe kwa ya juu, maana kulibomoa eneo la Mbagala lililojengwa tayari ili kupanua mfereji ni gharama inayolipwa na watu waliokwisha kujenga maisha yao hapo.