Mkuku Usiposhuka au Usipopanda: Kukagua Waya wa Kuinulia kwenye Catalina 22

Aliyezoea mkuku wa jahazi, yaani gogo lililolala chini ya chombo kutoka omo hadi tezi na ambalo halisogei kamwe, atashangaa akiuona ule wa Catalina 22. Mashua hii ya tanga ya Kimarekani, yenye urefu wa karibu mita 6.5, katika toleo lake la zamani ina mkuku wa chuma wa karibu kilo 250 unaobembea kwenye pini moja nene. Ukishushwa, chombo huhitaji kina cha mita 1.5, ukiinuliwa, mita 0.6 zinatosha. Kazi yote ya kuupandisha hufanywa na waya mmoja wa unene wa karibu milimita 5, unaotoka kwenye winchi, yaani ngoma ya kuviringishia waya yenye mkono wa kuzungushia, iliyo chini ya ngazi ya chumbani, ukapita ndani ya bomba la mpira, ukatokeza chini ya chombo na kufungwa kwa kitanzi kwenye ukingo wa nyuma wa mkuku.

Hitilafu ikitokea, wengi huukimbilia waya na kuulaumu. Mimi huanza na mkono wa winchi, kwa sababu uzito unaousikia kiganjani hueleza mengi kabla hujafungua kitu chochote.

Ukiwa unashusha na mkono ukawa mwepesi ghafla ilhali mkuku haujafika chini, acha kuzungusha papo hapo. Maana yake mkuku umenasa kwenye mfuo wake, aidha kwa chaza na viumbe vingine walioota humo, au kwa kokoto, au kwa rangi iliyopakwa nene kupita kiasi, na kila mzunguko unaouongeza unazidisha ulegevu wa waya. Mara ya kwanza yaliponipata, niliongeza mizunguko kama kumi nikidhani winchi imelainika. Likaja wimbi la boti iliyopita, mkuku ukachomoka na kudondoka kwa kishindo, na nilipoukagua waya nikakuta nyuzi tatu zimekatika penye kitanzi. Kwa hiyo kwanza vuta ulegevu wote hadi waya ukaze, kisha, ukiwa kwenye maji ya kina, yumbisha chombo taratibu kwa kuhama upande mmoja hadi mwingine, huku ukilegeza waya kidogo kidogo. Usithubutu kuingia chini ya chombo na kuusukuma mkuku kwa mkono.

Mkono ukiwa mzito kuliko kawaida wakati wa kupandisha, tazama kwanza boliti ya kufungia mkuku iliyomo chumbani, kwani mara nyingi huwa haijalegezwa. Ikiwa imelegezwa, angalia kama waya umepandana kwenye ngoma ya winchi, kisha uhakikishe kwamba gololi inayougeuza waya haijaganda kwa chumvi. Winchi inayorudi nyuma ukiuachia mkono ina tatizo la breki. Hapo tafadhali usitie mafuta. Breki hiyo hushika kwa msuguano, na grisi ikiifikia, kilo 250 zitashuka bila kizuizi na mkono utazunguka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Mkono usipokuwa na uzito wowote katika kupandisha, hata baada ya kuvuta ulegevu wote, yaelekea waya umekatika au pini yake imechomoka. Mkuku basi uko chini, nawe baki kwenye maji yenye kina hadi upate mzamiaji wa kuufunga kamba au winchi kubwa ya kukinyanyua chombo chote. Ama mvumo unaosikika chumbani upepo ukishika vizuri, huo si ugonjwa: ni waya unaotetemeka majini.

Waya wenyewe kagua mahali pawili zaidi, ndani ya mpira na penye mdomo wa kibano kinachoshika kitanzi, kwa kuwa hata chuma kisichoshika kutu huliwa pale maji ya chumvi yanapotuama bila hewa. Pitisha kitambaa kikuukuu kuuzunguka waya, wala si vidole vitupu. Uzi uliokatika hunasa kitambaa mara moja. Doa la kahawia kwenye mdomo wa kibano linanitosha mimi kuubadilisha wote.

Kubadilisha kunafanywa nchi kavu, mkuku ukiwa umelazwa juu ya magogo imara na chombo kimeegemezwa vizuri. Funga uzi mwembamba kwenye ncha ya waya wa zamani kabla ya kuuvuta, ili uzi huo uje kuuongoza mpya. Chagua waya laini wa mafungu 7 yenye nyuzi 19 kila moja, na usikubali kibano cha alumini, ambacho maji ya bahari hukimaliza upesi. Mkuku ukiwa chini kabisa, lazima mizunguko mitatu au zaidi ibaki kwenye ngoma. Badilisha na mpira pia, ufungwe kwa klempu mbili kila upande, maana mpira huo ukipasuka bahari inaingia moja kwa moja kwenye ngama, yaani tumbo la chombo.

Baada ya kukiteremsha chombo majini, shusha mkuku, upandishe, kisha mulika tochi kwenye klempu. Tone likionekana, kirudishe kwenye trela siku hiyo hiyo.