Faili la jeshi la mtu maarufu wa Marekani: anza na tarehe aliyotoka

Kabla ya kutuma fomu SF-180, ya kuomba kumbukumbu za jeshi, St. Louis, kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, hesabu miaka. Aliyetoka jeshini miaka 62 iliyopita au zaidi, faili lake liko wazi kwa yeyote. Mashuhuri wakubwa, mfano Elvis Presley, wana utaratibu wao: miaka 10 baada ya kifo. Kwa wengine utapewa cheo, vituo, nishani na tarehe tu, habari za afya hupati. Andika jina aliloandikishwa nalo jeshini, si la jukwaani. Hapo wengi hukwama. Kama alikuwa jeshi la nchi kavu na akatoka kati ya 1912 na 1959, moto uliozuka kituoni hapo Julai 1973 uliteketeza takriban asilimia 80 ya mafaili hayo, basi ulizia hati za malipo yake ya mwisho.