Orodha ya vitabu vya Biblia: jinsi ya kuichunguza mwenyewe

Nikifundisha darasa la Biblia, naanza na ukurasa wa yaliyomo. Weka Biblia mbili sambamba, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki: ya kwanza ina vitabu 66, ya pili 73. Vile saba vya ziada, kama Tobiti na Hekima, vilisomwa katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanzia Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Jerome, msomi wa Kanisa la kale, alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini, alivitilia shaka kwa kuwa havikuwamo katika orodha ya Kiebrania. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulivithibitisha mwaka 1546.

Sasa fungua Yuda, aya ya 14. Ananukuliwa Henoko. Kitafute kitabu chake. Katika Biblia zote mbili hakimo, ila Kanisa la Orthodox la Ethiopia linacho katika kanoni yake, yaani orodha yake rasmi ya vitabu vitakatifu. Hapa darasa huchangamka, nami huwaacha wabishane.

Kwa Agano Jipya, shika mwaka 367: Athanasius, askofu wa Alexandria, katika barua yake ya Pasaka, aliorodhesha vitabu 27 tulivyo navyo. Na tafadhali, usiseme Mtaguso wa Nikea ndio uliovichagua. Porojo hiyo imenichosha.

Malizia na Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono karne ya 4. Picha zake ziko kwenye intaneti. Pita Ufunuo, uendelee kufunua: utakuta Waraka wa Barnaba, kisha sehemu ya Mchungaji wa Herma, maandishi ya Kikristo ya kale yasiyomo katika vile 27. Angalia pia pambizoni, wasahihishaji walivyojaza maneno yaliyorukwa.